Safari ya Kumchosha Mama

Tumbili alipompora mama yake kilemba, Nahashon alifurahi sana, kisha akatubu kimoyomoyo. Ilikuwa siku yao ya pili nchini Gambia. Alitumaini mama atalia, au angalau atataja neno moja tu: nyumbani.

Mama Jennifer alimtazama tumbili akiparamia mti na kile kitambaa chekundu, akajishika mbavu kwa kicheko. "Kimemkaa vizuri kuliko mimi," akasema. "Kagendo, tupige picha mimi na yeye."

Kagendo, mkewe Nahashon, akapiga picha huku ameuma meno.

Mama Jennifer alikuwa amefika Toronto mwezi wa pili, kutoka Meru, kuwatembelea kwa miezi mitatu. Muda ulipokaribia kwisha, Kagendo alimwambia kwa adabu aliyofunzwa kwao, "Mama, mbona haraka? Si ukae kidogo." Ndivyo mgeni anavyoambiwa, na mgeni anayejua dunia hukataa. Mama alimtazama mwanawe, akasema, "Haya, mkitaka." Nahashon akaisogeza mbele tarehe ya tiketi. Sasa miezi sita ya ugeni wake ilikuwa inakaribia kutimia.

Nyumba yao ya Thorncliffe Park ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Mama alipewa cha mtoto wao, Shannon. Shannon, mwenye miaka kumi na miwili na miguu ya twiga, akahamia katikati ya wazazi wake, na tangu hapo ndoa ya Nahashon ikawa ya kusalimiana tu. Saa kumi na moja alfajiri Mama aliwaombea majirani wa ghorofa nzima, kwa sauti ya kuwafikia. Alifungua madirisha theluji ikianguka, eti nyumba inanuka usingizi. Siku aliyomkuta Nahashon akiosha vyombo, alimnyang'anya sufuria, akamwangalia Kagendo, aliyekuwa ndio anaingia kutoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo hospitalini, kama anayeangalia mwizi.

Halafu kila asubuhi alijifungia kwenye roshani na kumpigia simu mumewe, Gerishon. Alizungumza chini chini.

"Anamwita naye aje," Kagendo alinong'ona.

Mara tatu Mama alikuwa ameanza, "Nahashon, kuna neno nataka kuwaambia." Mara zote tatu Nahashon alikumbuka ghafla kwamba gari lake ameliegesha vibaya. Kumfukuza mama mzazi ni laana. Lakini je, akiomba mwenyewe kubaki Canada moja kwa moja, atamkatalia kwa mdomo gani?

Ndipo Kagendo alipofungua ramani. "Tumchoshe," akasema. "Tumpeleke mahali atakapoomba mwenyewe kurudi kwao." Akachora mstari kwa kidole: Gambia, kusini mwa Senegal, Guinea-Bissau. Hakuna mtu wa kanisani kwao aliyewahi kwenda likizo huko. "Kwa barabara," akaongeza. "Na mwezi wa nane, mvua ikinyesha."

Senegal gari lilizama kwenye matope. Nahashon na Kagendo walisukuma kwa saa mbili, dereva akiwatia moyo kwa Kifaransa. Walipolitoa, wakiwa wekundu kama vyungu, walimkuta Mama kibarazani mwa watu, ameshakula wali na samaki, amembeba mtoto wa wenyewe mgongoni. Hakuna lugha hata moja waliyoelewana kwayo, na bado alijua nani ameolewa wapi.

Guinea-Bissau umeme ulikatika siku tatu. Nahashon alikula chaza, nao chaza wakakataa kukaa tumboni. Kagendo alitoka vipele vya joto mpaka kwenye kope. Mama alilala kama gogo, akaamka, akaenda kanisani, na kutoka huko akapelekwa kwenye harusi ya watu asiowajua, akacheza mpaka bwana harusi akamwomba apumzike.

Mpango ulimpata Shannon tu. Yeye, ambaye tangu azaliwe alijibu kila Kiswahili kwa Kiingereza, alijitupa kitandani na kusema, "Baba, nimechoka. Nirudisheni nyumbani."

Usiku wa mwisho Mama aliketi kando ya kitanda cha mwanawe. "Nahashon, kuna neno..."

Nahashon akakimbilia chooni. Safari hii hakuwa anadanganya.

Walirudi Toronto yeye akiwa amepungua kilo tano. Pale uwanja wa ndege, ofisa alitabasamu na Mama, akamgongea muhuri: miezi sita mipya. Kagendo alihesabu miezi kwa vidole, akaishia mwezi wa pili.

"Hachoki," alimwambia mumewe kwenye teksi, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Basi hatujampeleka mbali vya kutosha," Nahashon akajibu.

Asubuhi Mama aliweka kikombe chake cha chai mezani, akakunja mikono. "Wanangu, leo lazima niseme."

"Mama, subiri!" Nahashon aliruka. "Guyana na Suriname. Mwezi wa kumi na mbili. Misitu mitupu, Mama! Nimeshalipia."

Mama aliwatazama mmoja mmoja, akampapasa mwanawe shavu. "Mungu awabariki," akasema polepole. "Kumbe mnanipenda hivi."

Akaenda kwenye roshani, akafunga mlango, akampigia Gerishon.

"Baba Nahashon, nivumilie tena," alinong'ona, akijifuta machozi kwa kiganja. "Mifupa yote inaniuma, na kitanda changu nakiota mpaka mchana. Lakini kila nikifungua mdomo niwaage, hawa watoto wananikatia tiketi nyingine."