Pambo Hana Bima

Selestina alimlaza mbwa wake, Pambo, juu ya meza ya daktari wa mifugo. Tumbo lilikuwa limejisokota na kuvimba.

"Ana bima?" daktari aliuliza.

"Kampuni ilimfutia bima alipozeeka."

Daktari alishusha pumzi. Chumba cha pili, mbwa mwenye bima alikuwa anashonwa baada ya upasuaji wa tumbo kama hilo hilo.

"Bila upasuaji hafiki jioni, mama. Na gharama ya upasuaji wenyewe, hata mimi nisingeimudu."

Selestina alimpapasa Pambo masikio. "Basi asiendelee kuumia," alisema.

Daktari alipokaribia na sindano ya mwisho, Pambo alimnyooshea mguu wa mbele, kama alivyofundishwa kusalimia wageni. Daktari alisimama, sindano mkono mmoja, asijue la kufanya na ule mwingine.