Mshale wa Joto

Sheria ilitaka kila aliyejiundia ndege ampakie mwenzi wake wa ndoa siku ya kuijaribu. Ndiyo maana Sekela alikuwa amekaa nyuma ya mumewe, Ambakisye, juu ya mashamba ya chai ya Tukuyu, mkanda umembana kifuani.

Injini waliing'oa kwenye gari lao. Barabarani ilipumzika kwenye miteremko. Huku angani ilinguruma kwa nguvu zote bila nafuu. Sekela alikuwa amemsihi aweke oili nzito na rejeta kubwa ya kupozea injini. Ambakisye alikataa, akihofia uzito.

Sasa mshale wa joto ulikuwa umefika kwenye alama nyekundu, na oili ilinuka kuungua.

"Baba Lusajo, tushuke!"

"Tukishuka mapema wakaguzi watatunyima kibali."

"Na tukifa, mwanetu Lusajo tutamwachia nani?"

Ambakisye aliinamisha pua ya ndege. Walitua kwa kishindo, wazima, mvuke ukifoka mbele yao.

Mkaguzi aliwapa pole. "Itengenezeni mrudie," alisema kwa upole. "Mara ya pili, sheria inataka mje na mtoto."

Sekela alimgeukia mumewe, akingoja akatae. Ambakisye alikuwa ameshainamia injini, akiuliza rejeta kubwa zinauzwa wapi.