Ufagio Mbele

Gesi ilikuwa ikivuja kati ya matangi mawili ya haidrojeni, ikipiga mluzi mkali. Ilikuwa adhuhuri, na swichi ya kuifunga kutoka mbali ilikuwa imegoma. Shaweji, dereva wa lori, akataka kukimbilia valvu.

"Rudi! Panawaka hapo," alisema Salha.

"Moto uko wapi, Injinia? Mbona naona mpaka ukutani?"

"Moto wa haidrojeni hauonekani juani."

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na soko. Tangi la pili likipata moto sana, litapasuka. Salha akachukua ufagio wa chelewa, akaunyoosha mbele, akaanza kutembea.

"Unakwenda kumfagilia nani huko?" Shaweji alitania.

Hewa mbele ilikuwa tupu. Ghafla ncha za chelewa zikawaka.

Salha akarudi nyuma, akauzima ufagio kwa kuukanyaga, akaunyoosha tena, safari hii chini ya magoti. Haukuwaka. Basi akalala kifudifudi, akatambaa, ufagio ukitangulia.

Mluzi ulikuwa bado mkali mkono wake ulipoishika valvu. Juu ya mgongo wake, hewa ilionekana safi kabisa.