Bip Mbili

Simu ilitetemeka mara moja juu ya meza, ikanyamaza. Placide hakuipokea. Aliitazama tu, akapumua, kisha akafuta jasho la viganja kwenye suruali yake.

"Beko wazima," alimwambia Adélaïde, mwenzake wa ofisini. "Amejibu."

Placide alitunga programu za kompyuta katika ofisi moja ya misaada kule Nguba, mtaa wa Bukavu, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye betri. Printa ya ofisi, alisema, ilibuniwa na mtu anayewachukia watu. Kompyuta inayouliza "una hakika?" kila mara ilimkera hata akaitukana kwa Kifaransa. Simu za mkononi, zilizofika Bukavu vita vikiwa bado havijaisha, alizilaumu kwa mengi: vitufe vidogo, na mchezo wa nyoka uliomaliza betri kila binti yake Maombi alipoishika simu. Alizisifu kwa jambo moja tu, kwamba ziliweza kutetemeka bila kulia.

Leo hakuwa na mzaha. Tangu alfajiri milio ya risasi ilisikika upande wa Nyantende, na huko ndiko mkewe Emmanuella na Maombi, wa miaka saba, walikokwenda kuvuna maharage kwenye nyumba yao ya shamba, waliyoachiwa na marehemu bibi. Kuongea kwenye simu kulikuwa hatari, maana sauti ingeweza kusikika nje ya nyumba. Kwa hiyo walibipiana, kama watu wote wanavyofanya wakikosa uniti: unapiga, unakata kabla hujapokelewa. Tofauti ni kwamba Placide alikuwa amezitungia bip zake kanuni.

Bip moja kutoka kwake: mko salama? Bip mbili: tokeni sasa hivi, kimbilieni parokia. Na jibu lilikuwa kurudisha idadi ileile. Moja, tuko salama. Mbili, tumetoka.

"Na miye nikitaka kukuambia kitu ingine?" Emmanuella alimwuliza siku walipoagana.

"Hakuna ingine, Maman Maombi. Mambo mingi njo inaleta makosa. Kitu kikiwa simple, hakiharibike."

Emmanuella hakuipenda simu. Kila mara alikitafuta kitufe cha kijani taratibu, kama mtu anayetoa mawe kwenye maharage, na Placide alimsubiri huku akiuma kucha. Lakini leo majibu yalikuja upesi, hata kabla hajaiweka simu mezani. Hofu imemfundisha, aliwaza, na akamwonea huruma na fahari kwa pamoja.

Mchana Papa Honoré, dereva wa jeep ya parokia hiyo ya Nyantende, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Benye bunduki banashuka sasa Nyantende," alisema akihema. "Askari ya ku barrière bananipa safari moja tu ya kutoa batu, kisha banafunga njia. Nipite kwako, ao niende moja kwa moja ku paroisse? Ile njia ya kwako ni matope, jeep inaweza kubakia mule."

Placide aliishika simu. Jeep ikienda nyumbani na kukuta hakuna mtu, itanasa bure, na wanaongoja parokiani wataachwa, pengine mkewe na mtoto wakiwa miongoni mwao. Jeep ikienda parokiani nao wangali nyumbani... Hakutaka kuimaliza fikra hiyo. Akabipa mara mbili.

Simu ilikaa kimya. Adélaïde alishika rozari yake. Kisha simu ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

"Mbili!" Placide alikaribia kulia. "Bameshatoka! Papa Honoré, usipite kwangu. Enda mbio ku paroisse, utabakuta."

"Una hakika?"

"Niko na hakika!"

Jeep ikaondoka. Saa zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za asubuhi. Kila mlio mkubwa ulitikisa vioo, na Placide alisimama, akakaa, akasimama. Adélaïde alijaribu kumwongelesha, akamwuliza kama ni kweli ofisi itanunua kompyuta mpya. Placide alimtazama kama hajamwelewa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maoni. Alikuwa anaogopa, basi.

Jua lilikuwa limeanza kulegea jeep iliporudi, watu wamejaa hadi juu ya paa. Emmanuella alishuka nyuma kabisa, miguu imejaa matope, bila kilemba. Placide alimkumbatia kwa nguvu.

"Bamefunga barrière," Papa Honoré alisema akizima injini. "Hakuna mutu mwingine atapita."

Placide alichungulia juu ya bega la mkewe. "Na Maombi?"

"Eko mbele, kwa Papa Honoré," Emmanuella alijibu. "Tulipanda mbiombio, banasema batoto bote beko mbele. Si alianzia kwetu kumuchukua?"

Mlango wa mbele wa jeep ulikuwa wazi. Watoto walioshuka walikuwa wa watu wengine.

"Nilimukataza kupita kwetu," Placide alisema polepole. "Maman Maombi, si ulinijibu? Nilibipa mbili, ukanirudishia mbili."

"Miye?" Emmanuella alimshika mkono. "Nilitoka asubuhi kuchota mayi, bakanikatia njia ya kurudi, nikakimbilia ku paroisse. Simu niliachia Maombi. Nilimuambia ajifungie mu chumba, na papa akibipa, arudishe vilevile, papa asiogope."