Mlango wa Mwatime

Walikuwako panya jike wanane katika kihenge cha mahindi, na mkali kuliko wote alikuwa Mwatime, mlinzi wa tundu la kuingilia. Mahindi yalikuwa yamebaki kidogo mno, basi wakaapa: hakuna kuzaa mpaka mavuno mapya, na hakuna dume kukanyaga humo.

Kombo, dume mpole wa jirani, alikuja kila asubuhi.

"Hodi, Bi Mwatime!"

"Baki na hodi yako huko huko!"

Siku moja baridi ikazidi. Mwatime akamvizia Kombo alipotoka, akamwibia majani makavu yote aliyolalia, akajitandikia yeye na wenzake. Wakalala raha mustarehe.

Siku ya tatu, lo! Kihenge kizima kikachachamaa. Huyu anaruka, yule anachana masharubu, wote miili imeamka inataka watoto, wote wanamuulizia Kombo!

"Nani kaingiza dume humu?" Mwatime akafoka. Akapekua kila pembe, dume hakuna. Akanusa majani, kumbe! Harufu ya Kombo ilikuwa imelala nao siku zote tatu, na harufu ya dume peke yake yatosha kuamsha mwili wa panya jike.

Akakimbilia tunduni. "Kombo! Umeingiaje kwetu?"

"Sijaingia, Bi Mwatime. Umenibeba mwenyewe, kwa meno yako."

Mwatime akafumbua kinywa amtukane. Badala yake akajikuta analainisha masharubu, na mwili umeshasogea kando, tundu liko wazi.

"Usisimame kwenye baridi," akasema. "Pita ndani."