Kipozamataza Asiyemwogopa Mwewe

Sheria ilikuwa moja tu: familia ya mbugani itakaa mbugani maadamu kipozamataza, ndege mdogo wa rangi ya vumbi, bado anaimba mbele ya nyumba yao. Siku akinyamaza, wanahamishiwa mjini. Kwa hiyo kila asubuhi Nasieku alitoka na darubini, akamtafuta, akarudi kutuma taarifa serikalini.

Asubuhi hiyo kivuli cha mwewe kilipita juu ya majani mafupi. Ndege wote wakajibana chini kimya, isipokuwa yule wao. Yeye alibaki juu ya jiwe lake, akaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichopita.

Nasieku akarudi ndani. Parmuat, mumewe, alikuwa akikoroga chai. Mtu huyu ni fundi redio, mikono yake haitulii. Na tangu mvua za mwisho amekuwa akitoka alfajiri, Nasieku akiwa bado amelala.

"Umemwona?" akauliza bila kugeuka.

"Nimemwona. Baba Naserian, niambie ukweli. Ulimtengeneza lini?"

Kijiko kikasimama. Parmuat akamtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Mimi? Miezi minne natoka alfajiri kumchunguza, na nimenyamaza ili nikusitiri. Nilidhani ni wewe uliyemweka."

Ndipo wakatambua kwamba huko nje wimbo umekatika. Walipogeukia mlango, ndege alikuwa ameshaliacha jiwe lake. Alikuwa kizingitini, kichwa amekiinamisha upande, akiwasikiliza.