Nukta Nyekundu ya Baba

"Huyo si mimi," mama alisema, kwa mara ya tatu asubuhi ile.

Binti yake alikuwa ameinama juu ya skana, akipuliza vumbi kwenye slaidi kwa kipulizo cha mpira, na kazi hiyo haitaki haraka. Ukipuliza kwa mdomo, mate yanaruka, na mate yakishagusa filamu hayatoki. Hilo alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu.

"Si wewe, ni nani basi? Jirani?"

"Jirani gani mzuri hivyo?" Mama akacheka, kisha akasahau alichokuwa akikichekea. Akaitazama tena picha kwenye kioo cha kompyuta. "Huyo mpole. Mimi sikuwa mpole."

"Hapo umesema kweli, mama."

Mama alianza kufifia mwaka uliopita, kama kitambaa kinachosahaulika juani. Kwanza zilimpotea siku, halafu majirani, sasa anajipotea mwenyewe. Daktari alishauri aitwe kwa jina lake kila mara, na aonyeshwe picha za zamani. Lakini akiitwa kwa jina lake, mama hugeuka kutazama mlangoni, kana kwamba mwenye jina ndiye anayeingia. Binti alitaka kitu kimoja tu: mama ajitambue, hata mara moja, kabla hajapotea kabisa.

Ndiyo maana aliteremsha kutoka juu ya kabati maboksi tisa ya marehemu baba. Baba alipiga slaidi, filamu ya rangi isiyo na negativu. Kipande chenyewe ndicho picha, kimebanwa ndani ya fremu ya kadibodi, ukikiinua dirishani unamwona mtu na rangi zake zote. Lakini filamu hiyo haisamehe. Mwanga ukizidi kidogo, uso unaungua. Ukipungua, vivuli vinageuka visima. Na skana ya bei nafuu ikichungulia kisimani huona tope la zambarau tu.

Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Kila fremu aliitia nukta nyekundu pembeni, kuonyesha upande wa kuitazamia. Slaidi ina pande mbili, na ukiiweka kinyume, kulia kunakuwa kushoto, na hakuna wa kukushtua.

Mama ana kidoa cheusi chini ya jicho la kulia, kama mbegu ya papai. Kuanzia boksi la pili hadi la tisa, kidoa kilikaa pale pale. Katika boksi la kwanza, la mwaka aliozaliwa binti, kilikuwa chini ya jicho la kushoto. Kwenye picha zote.

Binti alilifikiria jambo hilo siku mbili. Hakuwa mtu wa kuhukumu upesi, sembuse baba yake. Mwaka ule ulikuwa mgumu, hilo alilijua. Ndio mwaka mama alipofiwa na dada yake pacha, na nyumbani habari hiyo ilizungukwa kama shimo njiani. Huenda baba alizitia zile nukta huku nyumba imejaa kilio. Mtu wa utaratibu naye ana siku yake ya kukosea. Akamsamehe, akazigeuza zote.

Kidoa kikarudi kulia. Na bado mama anasema si yeye.

"Dada hajarudi?" mama aliuliza, akitazama dirishani.

"Bado, mama."

Alikuwa amejizoeza kujibu hivyo. Ukimwambia dada yake alikufa, hulia upya, kama msiba umeingia leo.

Ilibaki slaidi moja ya boksi la kwanza, aliyokuwa ameiruka kwa sababu ilikuwa nyeusi karibu yote: mwanamke kitandani, na kifurushi cheupe kifuani. Kifurushi kile kilikuwa yeye. Kama kuna picha ya kumrudisha mama, alijiambia, ni hii. Akaiweka, nukta ikiwa imetazama chini kama zile nyingine, na kuiagiza skana isome mara nane, kila mara iokote chembe ya mwanga iliyoachwa na mara iliyotangulia.

Ilichukua dakika ishirini. Kisima kikaanza kutoa vitu vyake, kimoja kimoja. Chuma cha kitanda. Jagi juu ya kimeza. Vidole vilivyobana blanketi. Kidoa, chini ya jicho la kulia. Na ukutani, nyuma ya kile kichwa kilichoinama, kibao.

Akakivuta karibu. Alikisoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na bado hakikusomeka. Kisha akaelewa kwamba maneno yalikwenda kinyume, kama yale yaliyo mbele ya gari la wagonjwa. Wodi ya wazazi, ikianzia mwisho.

Akaitoa slaidi. Akaigeuza, nukta nyekundu ikakaa pale pale baba alipotaka ikae. Akasubiri dakika nyingine ishirini, mikono magotini.

Sasa kibao kilisomeka vizuri kabisa. Kidoa kilikuwa kimehamia kushoto.

Kiti cha dirishani kililia. Mama alikuja taratibu akasimama nyuma yake, mkono mmoja begani mwa binti, na mwingine akaunyoosha hadi kidole kikagusa kioo.

"Ee, ndiye," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sauti yake haikuyumba. "Muone dada anavyokushika. Mtoto wa kwanza, alikuwa anaogopa kukuangusha."